Mlio Mmoja kwenye Meza Yangu

Siku fundi wa simu alipokuja kutufungia mtambo mpya nilikuwa na mwezi mmoja na nusu kazini. Ulibaki mwezi mmoja na nusu mwingine kabla meneja hajaamua kama nithibitishwe au nirudi nyumbani Litapunga nikapalilie mahindi na shahada yangu. Hesabu hiyo niliifanya kila asubuhi kabla ya kupiga mswaki.

Kampuni iliyoniajiri hapa Mpanda inauza mashine za kukoboa mpunga, za kusaga, jenereta na pampu za maji. Mimi niliwekwa kwenye huduma baada ya mauzo: mteja ambaye mashine yake imegoma ananieleza tatizo, nami nampangia fundi. Kitengo kizima kilikuwa mimi, fundi mmoja mzee na pikapu. Ofisini tulikuwa watu saba, na simu zote za nje zilipita kwa mama wa mapokezi, mwanamke wa miaka hamsini na kitu aliyekuwepo tangu kampuni ifunguliwe. Alipokea, akasikiliza maneno mawili matatu, akajua amsalimie mtu kwa Kisukuma, Kipimbwe au Kifipa, akaulizia ng'ombe na watoto, ndipo akamuunganisha na anayemtaka. Sisi wapya kazini tulimwita mama. Hata meneja alimwita hivyo.

Fundi wa simu alitoka Mbeya. Wenzangu walimwacha afanye kazi yake. Mimi nilimsimamia kichwani.

"Sasa kila meza itakuwa na namba yake," aliniambia akiwa amepiga magoti chini ya meza yangu. "Mtu wa nje akiipiga inalia hapa hapa. Haipiti mapokezi."

"Kwa hiyo tumeletewa laini saba?"

"Laini ni nne. Namba ndizo ishirini."

"Namba ishirini zinapitaje kwenye laini nne?"

Alitoa kichwa nje akanitazama. "Namba siyo waya, dada. Namba ni anwani. Kampuni ya simu imewapa kundi la namba zinazofuatana, zinatofautiana mwisho tu. Mtu akipiga mojawapo, wao wanaileta kwenye laini yoyote iliyo wazi, na wanautajia mtambo wenu tarakimu za mwisho. Mtambo unasoma: hii ya mhasibu, hii ya stoo, hii ya huduma. Unaipeleka kwenye meza yake. Basi."

"Na watu watano wakipiga kwa pamoja?"

"Wa tano ataambiwa inatumika."

"Na mtambo ukikosea kusoma?"

"Haukosei."

"Lakini ukikosea?"

"Wewe umesomea nini?"

"Ugavi."

"Haya," alisema, akarudi chini ya meza.

Kabla ya kufunga ofisi meneja alitukusanya. Alisema mtambo huu unaandika kila kitu: nani kapigiwa, nani kapokea, nani kaacha simu ikakata. Kila Ijumaa ataletewa karatasi. Hataki tena kusikia mteja amepiga akakosa mtu. Alitutazama mmoja baada ya mwingine na macho yake yakaishia kwangu. Nilikuwa nimekaa mwisho wa mstari, kwa hiyo yangeishia kwangu kwa vyovyote, lakini siku ile hilo sikulifikiria. Nilichofikiria ni kwamba karatasi ya Ijumaa ilikuwa imetengenezwa kwa ajili yangu. Nilimwangalia pia mama wa mapokezi. Alikuwa anaifuta simu yake kwa kitambaa, taratibu, kitufe kwa kitufe, wala hakuinua uso pale meneja alipotamka kwamba simu hazitapita tena kwake. Nikaona huyu naye anafanya hesabu.

Mlio wa kwanza ulikuja siku ya tatu, saa nne asubuhi. Simu yangu ililia mara moja, ikakata kabla sijaifikia. Kwenye kioo chake kidogo palikuwa pameandikwa MAPOKEZI. Niliinua mkonga nikasikia mlio mtupu wa laini. Kati ya meza yangu na mapokezi kulikuwa na ukuta wa kioo tu. Nilimwona mama akimimina chai kutoka kwenye chupa.

Nilimfuata. "Mama, umenipigia?"

"Nikupigie ya nini? Hata nikikohoa unanisikia."

"Simu imeandika mapokezi."

"Mwanangu, mimi hiyo mitambo siijui. Chukua chai."

Nilichukua chai. Sikuinywa mpaka alipokunywa yake.

Ikalia tena saa sita. Mara moja, ikakata, MAPOKEZI. Kesho yake ikalia mara tano, siku iliyofuata mara tisa. Nilianza kuandika saa za milio hiyo nyuma ya daftari langu, na pembeni nikaandika mama alikuwa anafanya nini. Saa tatu na robo: anaandika kitabu cha wageni, mkono wa kushoto hauonekani. Saa tano kasoro: ameinama chini ya kaunta. Saa nane: anaongea na mteja, amenipa mgongo. Kila mara palikuwa na mkono mmoja ambao sikuuona vizuri. Nilijiambia kwamba mtu anayefanya kazi mbele ya kioo kwa miaka yote hiyo anajua jinsi ya kuficha mkono.

Sababu pia nilikuwa nayo. Kama namba za moja kwa moja zikifanya kazi vizuri, mapokezi panabaki pa kupokea bahasha. Kama zikionekana zinasumbua, meneja atarudisha mambo ya zamani. Na meza rahisi ya kusumbua ni ipi, kama siyo ya aliye kwenye majaribio? Halafu wiki ile ile mpwa wake, aliyemaliza chuo mwaka mmoja nami, alipita ofisini kumsalimia. Alikaa kwenye kiti cha wageni nusu saa, akaangalia ofisi yote, akaangalia na meza yangu.

Siku moja niliamua kuweka mkono juu ya simu na kuuacha hapo. Saa nzima niliandika kwa mkono mmoja. Mtunza stoo alipita akasimama.

"Dada, ukiitazama hivyo itaogopa kulia."

"Nasubiri mteja."

"Mteja gani huyo? Au shemeji?"

Ikalia. Niliinyakua hata kabla mlio haujaisha. Kimya, kisha laini ikakata. Mtunza stoo alicheka akaenda zake. Kule mbele mama alikuwa anatafuta kitu kwenye droo.

Jambo moja lilizidi kunisumbua. Siku mbili kabla ya Ijumaa ya pili mama alinyanyua sauti kutoka kwenye kaunta, wote wasikie: "Wewe wa huduma, kuna mzee wa Majimoto kanipigia mimi. Anasema nyie mmemtupa. Mashine imesimama na mpunga umejaa uani." Nilimjibu kwamba hakuna mtu wa Majimoto aliyenipigia. "Ndivyo alivyosema," akajibu. Nilipanga fundi aende huko wiki iliyofuata, lakini moyoni niliona maneno yale yamesemwa kwa sauti ili yapate mashahidi.

Karatasi ya Ijumaa ilipofika, meneja aliniita. Simu zisizopokelewa za ofisi nzima zilijaa sehemu moja tu, kwangu. Mistari na mistari: kutoka MAPOKEZI, kwenda HUDUMA, haikupokelewa.

"Hizi ni nini?"

"Bosi, zinalia mara moja zinakatwa. Nimekuwa nikiziandika." Nikamwonyesha daftari.

Alisoma ukurasa mzima, pamoja na ile safu ya mikono isiyoonekana. "Unasema mama anakuchezea?"

"Mimi sisemi. Karatasi inasema."

Nikiikumbuka sentensi hiyo, hadi leo naona joto masikioni. Niliiona ya kisomi.

"Basi andika," alisema meneja. "Mimi siwezi kumuuliza mtu wa miaka mingi hivi kwa maneno ya mdomo. Na ujue, kama siyo yeye, ni wewe."

Niliandika wakati wa chakula cha mchana, ukurasa mmoja na nusu, na saa zote nikaziambatisha. Jumatatu mama alipewa barua ya kumtaka ajieleze kwa maandishi ndani ya siku tatu. Aliisoma amesimama, akaikunja mara mbili, akaiweka chini ya kitabu cha wageni. Hakunitazama. Saa nne alimimina chai, akawapelekea wote, na chupa akairudisha kwenye kaunta. Nilijiambia mtu asiye na hatia angekuja kuniuliza.

Jumatano niliondoka na fundi mzee kwenda Majimoto. Haikuwa kazi yangu kwenda kwa wateja, lakini niliomba. Nilitaka kusikia kwa masikio yangu huyo mteja anayedaiwa kunipigia. Tulipita Sitalike, tukafunga vioo kwenye hifadhi kwa sababu ya mbung'o, na katika joto lile nilimweleza fundi kila kitu. Alisikiliza mpaka tukatoka kwenye pori.

"Huyo mama," alisema, "mwaka mke wangu alipougua alikuwa ananiandikia nipo safari, kumbe nipo hospitali. Hajawahi kunikumbusha."

"Kwa hiyo anajua kudanganya," nilisema.

Fundi alifungua kioo akatema mate nje. Alipokifunga tulikuwa tumeshafika Kibaoni.

Mwenye mashine alikuwa mzee wa Kisukuma, mrefu, aliyehamia Mpimbwe na ng'ombe zake zamani na sasa ana shamba la mpunga na banda la kukoboa. Tulisalimiana kwa Kisukuma, mwangaluka, tukapewa viti, tukapewa maji. Magunia ya mpunga yalikuwa yamepangwa hadi nje ya banda, na wanawake watatu walikaa juu yake wakisubiri. Mzee aliongea na fundi kwanza. Mimi alinigeukia baadaye.

"Binti, wewe ndiye wa simu?"

"Ndiye mimi, babu."

"Nimekukosea nini?"

"Hapana, babu, kwa nini?"

"Siku kumi nakubip. Asubuhi nakubip, mchana nakubip. Hunipigii."

Nilimwambia namba ile ni ya mezani, ya ofisi, ukitaka kusema jambo unapiga na kusubiri mtu apokee. Mmoja wa wale wanawake alicheka.

"Babu si kapiga vile alivyoelekezwa," alisema. "Imeandikwa pale."

Aliponyoosha kidole nilitazama. Kwenye ubavu wa mashine, chini ya vumbi la pumba, palikuwa na stika ya kampuni. Nilipoifuta kwa kiganja nilisoma: *Mashine ikisumbua usihangaike. Bip namba hii, fundi atakupigia.* Na chini yake namba yangu ya moja kwa moja.

Stika hiyo niliipeleka mimi kwa mchapaji. Zamani huduma ilikuwa na simu ya mkononi, na utaratibu ulikuwa huo: mteja anabip, namba yake inabaki kwenye simu, ofisi inampigia ili asimalize vocha. Mtambo mpya ulipokuja meneja aliniambia nibadilishe namba kwenye stika na kuzisambaza. Niliikagua namba hiyo mara nane. Niliisoma mbele na nyuma, nikamsomea mchapaji kwa simu, nikamfanya anisomee. Maneno yaliyokuwa juu ya namba sikuyasoma hata mara moja, kwa kuwa hakuna aliyeniambia niyabadilishe. Madereva wetu walizibandika kuanzia Nsimbo hadi Ikola.

"Babu," nilisema, "bip tena sasa hivi. Lakini subiri kwanza nipige simu."

Nilitoa simu yangu. Ofisini kulikuwa na watu wanne ambao ningeweza kuwapigia, na nilijua namba za mezani kwao zote. Lakini mtu pekee ambaye angeweza kusoma kioo cha simu yangu na pia kushuhudia simu ya mapokezi haijaguswa alikuwa mama. Nilizungukazunguka banda. Fundi alikuwa ameshalala chini ya mashine na kichwa kinaonekana nusu.

"Piga," alisema. "Unamchelewesha mzee."

Mama alipokea kwa salamu ndefu ya ofisi. Aliposikia ni mimi sauti ikafupika.

"Sema."

"Mama, nakuomba uache simu yako hapo kwenye kaunta, uende kwenye meza yangu."

"Ili uandike saa?"

 Nikasema tena naomba. Nikasikia mkonga ukiwekwa juu ya mbao, viatu vyake vikienda, kisha sauti ya mbali, kwa kuwa ofisi yetu ni ndogo: "Nimefika. Haya."

Nilimpa mzee ishara. Alibonyeza, akaweka simu sikioni, akasikiliza kidogo, akakata. Katika simu yangu, kutoka Mpanda, nilisikia meza yangu ikilia mara moja.

Viatu vilirudi, lakini polepole.

"Imeandika mapokezi," mama alisema.

"Ndiyo."

"Na mapokezi hakuna mtu. Nilikuwa kwako."

"Ndiyo, mama."

 Nyuma yake nilimsikia mhasibu akiuliza kuna nini, naye akamweleza, na mhasibu akasema, "Kumbe. Yangu pia huwa inaandika hivyo hivyo. Nilidhani ni wewe unaniunganisha, umeacha tu kunitajia mteja." Kumbe kila simu ya nje, kwenye kila meza, ilijitambulisha kwa jina hilo. Wenzangu walipokea wakakuta wateja, hivyo hawakujali. Kwa majuma mawili nilikuwa nimeuliza kila swali ofisini isipokuwa hilo, kwa mtu aliyekaa hatua nne kutoka kwangu.

"Kwa hiyo ndiyo hii uliyoniandikia," mama alisema, akakata.

Nilimpigia fundi wa Mbeya nikiwa bado bandani. Alisema kampuni ya simu haikuwa inatuletea namba ya anayepiga, na namba isipokuja mtambo unaonyesha jina la laini. Zile laini nne aliziita mapokezi kwa sababu kabla yake ziliishia mapokezi. Alitaka tu asisahau waya upi ni upi. "Mngeuliza," alisema. Mimi, niliyemuuliza kuhusu mtu wa tano.

Mashine ya mzee ilitaka mkanda na beringi, kazi ya saa mbili. Siku kumi alisubiri kazi ya saa mbili. Alitupa kuku.

Alhamisi asubuhi nilimweleza meneja, na stika niliyoibandua nikaiweka mezani kwake. Alicheka kidogo, kisha akaacha. Alisema mambo ya mama yamekwisha, atamwambia asijisumbue kujieleza, na stika nirekebishe. Kuhusu mimi alisema ataangalia faili langu lote mwisho wa mwezi, kama ilivyopangwa. Nilitoka nikiwa mwepesi. Jambo limeisha kwa mdomo, na kwenye faili langu hakuna karatasi inayosema nimekosea.

Mama alinisimamisha kwenye kaunta.

"Meneja ameniambia yamekwisha."

"Ndiyo, mama. Nisamehe sana."

"Nimekusamehe. Lakini uliniandika. Barua yako ipo kwenye faili langu, na siku nikistaafu faili hilo ndilo litakalosomwa. Msamaha wako uko wapi humo?"

"Unataka niandike?"

"Uliandika ukurasa mmoja na nusu. Kalamu unayo."

Nilirudi mezani. Nilijua vizuri barua hiyo ingefanya nini: nakala ingeingia kwenye faili langu pia, wiki nne kabla ya kuamuliwa. Nilijiuliza kama hiyo ndiyo nia yake. Nilifikiri pengine amekaa na meneja wakapanga, ili nijimalize kwa mkono wangu. Niliona pia kwamba nikiendelea kufikiri hivyo nitamwandika mara ya pili. Nikaandika. Saa sita nilimpelekea karatasi.

Aliisoma akiwa amevaa miwani, akifuata mistari kwa kucha. Nilikuwa nimeandika kwamba kutokana na hitilafu ya kitambulisho cha laini, huenda nilimhusisha kimakosa na milio iliyotajwa.

Alinirudishia. "Toa huenda."

"Mama, hiyo ni lugha tu ya kiofisi."

"Kwenye ile ya kwanza uliiweka?"

Sikuwa nimeiweka.

Nilikaa na karatasi ile karibu saa nzima. Mwishoni niliifuta yote nikaandika mistari mitatu: nilimtuhumu, hakufanya, milio ilitokana na stika niliyoipeleka mimi kuchapwa bila kuisoma. Nikatia sahihi nakala mbili. Mama alizipiga muhuri wa kupokelewa, moja akaiweka kwenye faili lake, nyingine akampelekea meneja yeye mwenyewe. Nilimwona kupitia kioo akigonga mlango, na mikono yake yote miwili ilikuwa inaonekana.

Mwisho wa mwezi sikuthibitishwa. Niliongezewa miezi mitatu ya majaribio. Meneja alisema bila ile barua ya mistari mitatu angenithibitisha, kwa kuwa asingekuwa na cha kunipinga nacho. Kisha akasema bila ile barua asingeniamini kuniachia meza. Nilimuuliza kipi kati ya hivyo viwili ndicho alichomaanisha.

"Vyote," alisema. "Nenda kapokee simu yako."